Karata Sitini Nilizomfunulia Janvier

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka saa kwa saa, mwanangu, na si kwa sababu nilishinda, ingawa nilishinda. Naikumbuka kwa sababu ya uso wa mtu aliyeketi mbele yangu, karata mkononi, akaanza kuelewa kidogo kidogo kwamba nilikuwa nimemdanganya kwa muda wa wiki tatu.

Juzi ulinijia na deki yako ya karata, ukaniuliza kama kuna ubaya kumwonyesha mwenzako wa mazoezi deki moja na siku ya mashindano kuja na nyingine. Uliuliza ukicheka. Nilikwambia nitakujibu kwa maandishi, nawe ukadhani nakwepa. Sikuwa nakwepa. Nilitaka kukueleza kwa utaratibu, maana sijui kueleza namna nyingine.

Unaijua kazi yangu. Natengeneza cherehani, na ufundi huo nilijifunza peke yangu, kwa kufungua mashine mbovu na kuchora kila kipande mahali kilipokuwa kabla sijakitoa. Kiingereza nacho nilijifunza hivyo hivyo, kwa kamusi moja na sanduku la karata. Sanduku hilo liliachwa hapa Gisenyi na mgeni aliyekuja kujitolea kufundisha. Muda wake ulipokwisha aliwaachia vijana aliokuwa akicheza nao. Tulikuwa wanane. Karata zenyewe ni za aina ile ile unayocheza wewe, zenye picha na maandishi, ambazo kila mchezaji hukusanya na kuchagua zake, na fungu analolichagua ndilo deki. Zetu zilikuwa za karata sitini, na karata ya aina moja haikuruhusiwa kuzidi nne. Mtu anayedhani mchezo unaanza karata ya kwanza inapogusa meza hajawahi kuunda deki. Unaanza wiki nyingi kabla, pale unapojiuliza utoe ipi ili uingize ipi.

Tulichezea mtaa wa Mbugangari, kwa Mama Zuhura, mshonaji niliyekuwa namtengenezea mashine zake. Jumamosi mchana alikusanya vitambaa vyake akatuachia meza ya kukatia, meza ndefu iliyotutosha sote wanane kwa mara moja. Sharti lake lilikuwa moja tu, mikono safi. Alitukagua viganja mlangoni kama watoto wa shule.

Janvier alitoka Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Alikaa mtaa wa Birere, mwendo mfupi kutoka Petite Barrière, kivuko cha watu wa miguu, na kila Jumamosi alivuka kwa kile kikaratasi cha siku moja kinachomruhusu mtu kuzunguka hapa mjini na kurudi kwao kabla mpaka haujafungwa. Kikaratasi hicho hakikumpeleka mbali. Upande huu hakuwa amewahi kupita kituo cha mabasi. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, saluni, famasi, mahali pa kuchajia simu. Aliandika bila kupiga mstari na herufi zikakaa sawa, kama zimepangwa kwa rula.

Mkono huo ulitufaa sana. Karata nyingi hatukuwa nazo, kwa hiyo katika mazoezi tuliandika maneno ya karata kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye vifuko vya plastiki na kuvihesabu kama karata kamili. Vyangu vyote alivichora Janvier, picha na maandishi. Aliniandikia pia jina juu ya kopo la biskuti nililowekea deki: FUNDI, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Kopo hilo unalijua. Ndilo lile ninalowekea sindano za mashine.

Sasa nikueleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo hutaona nilichokivunja. Karata zetu zilikuwa za kuazimana, na deki ya mtu mmoja ilikuwa na jasho la watu watatu ndani yake. Mashindano yakikaribia, kila mmoja alichagua mwenzi mmoja wa mazoezi, na wawili hao walifunuliana. Tuliita hivyo, kufunua. Unazipanga karata zako zote sitini mezani, uso juu, mwenzako anazisoma, kisha naye anafanya vivyo hivyo. Kuanzia hapo, ukibadilisha hata karata moja, unamwambia. Kazi yake ni kutafuta namna ya kukupiga na kukuonyesha. Kazi yako kwake ni hiyo hiyo. Mkikutana siku ya mashindano, mnakutana mkijuana, na anayeshinda ameshinda kweli. Hatukuwa na adhabu kwa anayeficha, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameficha.

Mwenzi wangu alikuwa Janvier.

Mwaka ule wachezaji wa Kigali walituletea habari kwamba mashindano yao yangempokea mtu mmoja kutoka kundi letu la Gisenyi, yule atakayeshinda mashindano yetu, na mtu huyo angetumiwa barua ya mwaliko. Kwetu saba barua ilikuwa karatasi tu. Kwa Janvier ilikuwa njia ya kuomba hati ya kusafiri kupita kituo cha mabasi. Na kulikuwa na jambo jingine. Aliyeandaa mashindano alikuwa na karakana ya mabango huko Kigali, alikuwa anatafuta mwandishi, na alikwisha kusikia kwamba Gisenyi kuna mchezaji mwenye mkono mzuri. Alisema akija, atautazama.

Janvier mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku moja tukipanda kutoka mpakani.

“Fundi, kama mi napata ile barua, naenda na mabango yangu mbili kwa mufuko. Mupaka ule bwana aone.”

“Na ukishindwa?”

“Bon, nikishindwa, njo we utaenda. Si utamuambia habari yangu? Ni sawa tu.”

Nilimwambia ni sawa tu.

Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila mchezo: nani alianza, nani alishinda, karata ipi iliamua. Daftari lile lilionyesha wazi kwamba Janvier alinipiga mara nyingi kuliko nilivyompiga. Mimi nilihesabu, yeye aliona. Niliweza kukwambia uwezekano wa karata fulani kunijia katika mgao wa kwanza, naye alinitazama vidole tu akajua imenijia. Sikuwa na uhitaji wa kwenda Kigali. Kazi ninayo hapa, mashine hazikomi kuharibika. Nilitaka mara moja tu daftari lisome kinyume, na siku yenyewe iwe ile ambayo kila mtu anatazama. Jambo dogo kiasi hicho. Nimejitahidi miaka yote kulipata kubwa zaidi, ili angalau kosa lifanane na sababu yake, na sijalipata.

Nilimfunulia deki ya mbio. Ilikuwa imejaa viumbe wadogo wanaotoka mapema na kushambulia kabla mpinzani hajajipanga. Alinichorea vikaratasi vyake kumi na viwili, na karata mbili halisi alizokuwa nazo, nzuri, akaniazima ili deki yangu ikamilike.

Chini ya kitanda nilikuwa na deki nyingine. Dereva wa lori aliyekwenda Kampala alikuwa ameniletea karata tisa ambazo hakuna aliyejua ninazo. Nne kati yake zilikuwa Jitu la Mawe, kiumbe mkubwa, mzito kumtoa, ambaye hakuna moto unaomgusa. Deki hiyo haikukimbia. Ilingoja.

Wiki tatu tulifanya mazoezi, yeye na deki yake halisi, mimi na ile ya uongo. Alifurahi sana siku zile.

“We Fundi, leo iko na haraka gani? Bibi anakungoja?”

“Cheza.”

“Nacheza. Ona, Moto wa Nyika. Batoto yako yote imeungua. Aksanti, kwa heri, musalimie nyumbani.”

Moto wa Nyika ilikuwa karata inayoua viumbe wadogo wote walio mezani kwa mara moja. Dhidi ya deki ya mbio hakuna dawa bora kuliko hiyo. Alikuwa nayo mbili, akaazima ya tatu kwa wenzetu, akawa anasita kuhusu ya nne, kwa sababu ili aiingize ilimbidi atoe karata ya kuchotea nyingine, ambayo ilimsaidia dhidi ya kila mtu.

Nikamwambia, “Weka ya nne.”

“Hapana, ine iko mingi.”

“Nikikutana nawe fainali utaitaka. Weka.”

Akaiweka.

Hapo, mwanangu, ndipo penyewe. Kumficha mtu karata ni kitu kimoja. Mimi nilimshika mkono nikamwongoza shimoni, tena kwa sauti ya rafiki, na yeye akanishukuru.

Nyumbani niliifanyia mazoezi deki ya kweli peke yangu. Mkono wa kulia ulicheza deki yangu, wa kushoto ukacheza za wenzangu. Niliandika matokeo kwa uangalifu wote, na matokeo yalikuwa mazuri. Sikujua wakati ule kwamba mkono wa kushoto ulikuwa unajua siri za mkono wa kulia, na kwa kuwa ulikuwa wangu, ulikuwa unaniachia.

Jumamosi ile tulikutana fainali, kama nilivyopanga. Wenzetu sita walisimama kutuzunguka. Mama Zuhura alikuwa kwenye mashine yake pembeni, anapiga pindo. Zamu mbili za kwanza sikuweka kiumbe yeyote. Janvier alinitazama.

“Unaumwa?” aliuliza. Wenzetu wakacheka.

Zamu yangu ya tano niliweka Jitu la Mawe.

Akainama akasoma karata yote, neno kwa neno, ingawa Kiingereza kilimpa taabu. Kisha akasoma tena.

“Hii ulitoa wapi?”

“Kampala.”

“Siku gani?”

Niliinamia karata zangu. Akatazama karata zake mkononi. Wote tulijua sheria, hakuna anayelazimishwa kuonyesha karata zake, lakini yeye alizilaza mezani mbele yangu, uso juu, polepole. Moto wa Nyika. Moto wa Nyika. Moto wa Nyika. Juu ya meza yangu hakukuwa na kitu cha kuungua.

“Basi hii haina kazi,” alisema. “Na hii. Na hii yenye uliniambia niweke.”

Hakupaza sauti. Alicheza mchezo ule hadi mwisho, na wa pili pia, bila kuruka hatua, kama mtu anayemalizia bango la mteja aliyekwisha kumtukana. Nilipomaliza kumshinda alisimama akanipa mkono. Miaka yote alikuwa akiniita Fundi. Siku ile alisema, “Félicitations, monsieur,” yaani hongera, bwana, kama kwa mtu asiyemjua, akakusanya karata zake, akatoka. Karata zake mbili alizoniazima hakuzidai. Wenzetu walinipiga mabegani. Wawili walikwisha kuelewa na hawakunipiga.

Chai ilipokuja, Mama Zuhura alihesabu vikombe, kimoja kikabaki.

“Ule kijana ya Goma ameenda bila kunywa chai,” alisema. “Mulimufanya nini?”

Wengine walipotoka nilimweleza. Nilijua hajui karata, nikadhani kwa hiyo ningeweza kumweleza kwa namna ya kunipendeza. Nilisema ni mbinu. Nilisema sheria ya mchezo haikatazi.

Alisimamisha mashine. “Mi sijui karata. Lakini ngoja nikuulize. Ulimupa vipimo ya mutu mwengine, ukamuangalia vile anashona, na ukamuambia aongeze kitambaa. Ni hivyo?”

“Sheria haikatazi, Mama.”

“Sheria haikatazi hata miye nikukatie suruali fupi. Mutu akisimama hapa na mikono juu nimupime, anakuwa amenipa mwili wake. Nikimudanganya pale, polisi hatakuja. Ni miye tu nitajua, na yeye.” Akashika kile kikombe kilichobaki akakimwaga nje. “Kwenda, Fundi. Ile mashine ya pili nitamuita mutu mwengine aitengeneze.”

Nilikwenda Kigali. Nilicheza michezo minne nikapoteza yote minne. Wachezaji wa kule walikuwa na deki za mbio, kama ile niliyoiacha nyumbani, wakanimaliza kabla Jitu la Mawe halijaamka. Deki yangu ilikuwa na tundu ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona katika mchezo wa kwanza wa mazoezi. Kijana wa mwisho aliyenipiga alikuwa na adabu. Alizitazama karata zangu akaniuliza, bila kejeli, “Deki nzuri, ila inachelewa. Ulifanya mazoezi na nani?”

Nilikusanya karata zangu. Mtu ambaye angeniambia “weka Moto wa Nyika” alikuwa Goma, na karata zake nne zilikuwa zimegeuka uchafu mkononi mwake kwa sababu yangu.

Hilo nalo nimelizoea. Kuna lingine ambalo sijalizoea, na sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu, yule bwana wa karakana alipita mezani kwangu. Akalichukua kopo la biskuti. Aliligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya herufi, juu ya kile kivuli cheusi.

“Hii ameandika nani?” aliuliza. “Huu ni mkono.”

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake lilikuwa jina moja na mtaa mmoja. Nilikuwa nimeahidi kulitoa, tukipanda kutoka mpakani, kwa maneno matatu. Lakini nikitaja jina, angeuliza mbona mwenyewe hakuja, na ningelazimika kusema nilivyomshinda, mbele ya watu walioniona nikipigwa mara nne.

“Sijui,” nilisema. “Nililinunua hivi hivi sokoni.”

Akalirudisha mezani. Akasema pole kwa michezo, akaenda kwa mwingine.

Mwaka wa pili nilipata ujasiri nikapiga simu. Aliyepokea alisema mwenye karakana amehama na hajui alikohamia. Kwa hiyo usije ukafikiri niliwahi kurekebisha.

Janvier hakurudi tena Mbugangari. Nilimtumia salamu kwa watu wanaovuka kila siku, nikamwambia aje achukue karata zake mbili. Jibu lilikuja la maneno mawili: “Abaki nazo.” Miezi mingi baadaye nilimwona Petite Barrière katikati ya wapagazi, gunia la unga begani. Mabango alikuwa ameacha, au yalikuwa yamemwacha, sikuuliza. Aliniona kabla sijajua nifanye nini na uso wangu. Alisema, “Bonjour, monsieur,” akaendelea na safari yake, na mimi nikabaki pale nikiwa nimeinua mkono. Tangu hapo mpaka umefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na huko Goma watu wamehama na kuhamishwa. Sijui yuko wapi. Siwezi kukwambia kama yu hai.

Kundi letu lilikufa ndani ya mwaka ule. Hakuna aliyelivunja. Watu waliacha tu kufunuliana, kila mmoja akaanza kufika na deki aliyoifanyia mazoezi peke yake, michezo ikawa mibovu, na mchezo mbovu haumtoi mtu nyumbani Jumamosi.

Basi jibu la swali lako, na nalisema waziwazi usije ukalitafuta kati ya mistari. Ndiyo, kuna ubaya. Kama hutaki mwenzako aijue deki yako, mwambie kabla hajapanga zake mezani: mwaka huu sifunui. Atanuna siku mbili, atatafuta mwenzi mwingine, na utakuwa hujamchukulia kitu. Lakini ukikubali kuketi naye akafunua, funua kweli, zote sitini, pamoja na ile unayoiona ni ushindi wako. Hasa hiyo. Ukipigwa baada ya hapo, umepigwa na mtu anayekujua, na utarudi nyumbani na deki bora na rafiki yule yule. Usihesabu sheria iliyoandikwa kuwa ndiyo yote unayodaiwa. Ukiahidi kumtaja mtu mahali, mtaje siku hiyo hiyo, hata kama utaaibika, kwa sababu aibu yako itapoa jioni na nafasi yake hairudi. Na ukiwa umekosa tayari, usitume salamu kwa wapita njia. Vuka mwenyewe, mguu kwa mguu, wakati mtu bado ana anwani. Mimi nilikuwa mwendo mfupi kutoka Birere, nikatuma salamu.

Nimekuwekea karata mbili ndani ya bahasha hii. Si zako. Ni za Janvier. Zitumie kwenye deki yako kama zinafaa, maana karata isiyochezwa haimsaidii mwenyewe, na siku ukikutana popote na mtu wa makamo anayeandika mabango bila kupiga mstari, mpe, umwambie Fundi hajasahau. Usiniombee msamaha, huo si wa kuombewa.

Mungu akujalie mwenzi wa mazoezi anayekupiga bila huruma na kunywa nawe chai baadaye. Akujalie kumaliza kila Jumamosi ukiitwa kwa jina lile lile ulilofika nalo. Na jina hilo likiandikwa mahali, akujalie uweze kusema bila kusita ni nani aliyeliandika.